Mafunzo ya Kusimamisha Viti

Idara ya Uelekezaji wa Hiari ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba ajali katika sherehe za mtaa zimekomeshwa rasmi, kwa kuwa mwongozo wa kuzikomesha umeshachapishwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, kupata watu wa kusimama barabarani.

Wa kwanza kujiandikisha alikuwa bibi mshona nguo. Mwaka jana, kwenye mbio za watoto, gari jeusi lenye kibendera mbele lilikatiza katikati ya wakimbiaji pale njia panda, mjukuu wake akarukia mtaroni na kuvunjika mkono. Mwenye gari hakujulikana. Bibi aliapa kwamba safari hii njia panda ile ataisimamia yeye.

Mafunzo yalichukua wiki tatu, ukumbini. Barabarani hawakwenda, maana Mkurugenzi wa Idara alisema huko kuna magari. Badala yake walipanga viti vya plastiki, wakaviinulia viganja, na vyote vikasimama. Ripoti iliandika mafanikio ya asilimia mia. Bibi alipouliza itakuwaje kikija kiti kisichotaka kusimama, aliambiwa swali hilo haliko kwenye mtaala.

Sheria zilikuwa mbili, na Mkurugenzi alijisifu kuzitunga mwenyewe. Gari lisilo na stika ya Idara lisipite. Likishasimamishwa, lisiachiwe bila kibali chake chenye muhuri, hata akija nani.

"Hata wewe?" bibi akauliza.

Ukumbi ulicheka, naye Mkurugenzi akacheka kuwashinda wote. "Hasa mimi, bibi."

Katibu akaliandika hilo kwenye mwongozo, ukurasa wa tisa.

Siku ya mbio, mgeni rasmi alichelewa saa nzima. Walimu walichoka kungoja wakapuliza filimbi, watoto wakatimua mbio. Hapo ndipo honi ikasikika, na gari likaja njia panda kama limetumwa. Halikuwa na stika. Bibi aliogopa kweli, kwa maana kiti hakikuwahi kumjia kwa mwendo ule. Liwalo na liwe, akainua kiganja. Gari lilifunga breki hatua moja mbele yake.

Kioo kilishuka, ikaonekana sura ya Mkurugenzi.

"Shikamoo, bibi. Nipishe, mgeni rasmi ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Stika?"

Alieleza kwamba stika ni za wananchi. Bibi akamfungulia ukurasa wa tisa. Mkurugenzi aliusoma mara mbili, kisha akatoa kalamu ajiandikie kibali pajani. Bibi alikipokea kwa heshima zote, akauliza muhuri uko wapi. Muhuri ulikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Watoto wakaanza kupita. Mjukuu alipofika alipunguza mwendo, akakitazama kibendera kilichokuwa mbele ya gari.

"Bibi, ndilo hili."

Bibi alimtazama Mkurugenzi, naye Mkurugenzi akawa anatafuta kitu chini ya kiti.

"Kimbia, mjukuu wangu," bibi akasema, kiganja bado kiko juu. "Hiki kiti leo hakiendi popote."