Hatimaye Mwenye Akili Amepata Kiti

Jumanne, 4 Machi

Kikao leo. Mama mkwe, mwenye kampuni yetu ya keki, amepiga meza mpaka vikombe vikaruka. Matawi ya mbali yanalalamika tena. Mpambaji anabonyeza oda kwenye skrini asome maneno ya kuandika juu ya keki, ukurasa unazunguka weee, na krimu inalainika kwenye mfuko mkononi mwake. Mama mkwe amesema atakayeuharakisha ukurasa huo kabla ya wikendi ndiye atakuwa mkuu wa kitengo cha mtandao. Mwingine atakuwa msaidizi wake.

Kitengo kina watu wawili. Mimi, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Niwe msaidizi wa mtoto aliyebeba maua kwenye harusi yangu? Bora nihame ukoo.

Namwita Profesa. Hajafundisha popote. Ana miwani tu.

Jumatano, 5 Machi

Profesa ameeleza mpango wake mbele ya mama yake, taratibu, kijiko kwa kijiko. Amesema tumeshajiunga na mtandao wa vituo, yaani kompyuta zilizotawanywa karibu na kila tawi. Picha za keki hazibadiliki, kwa hiyo kituo hutunza nakala na kumpa kila anayeomba. Lakini maneno ya keki ni ya kila mteja peke yake. Hayo lazima yafuatwe huku kwenye seva yetu, kila oda, kila mara. Hapo kazi ya kituo si kutunza, ni kurahisisha safari: kuacha mlango wazi kati yake na seva ili kisibishe hodi upya kwa kila ombi, na kupita njia isiyo na foleni.

Safari! Njia! Mtu ana shida ya kwenda sokoni kila siku, Profesa anamnunulia viatu vizuri zaidi. Mimi nauliza, sokoni unafuata nini? Weka kitu nyumbani.

Nilitikisa kichwa kwa heshima kwa sababu ya mama mkwe. Moyoni nilicheka sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia kwenye mipangilio ya vituo Profesa akiwa amekwenda kula. Kumbe kuna kitufe cha kutunza nakala ya kila kitu. Kimekaa hapo siku zote na mwenye miwani hakukiona. Nimekiwasha.

Kikanisumbua kidogo. Kila namba ya oda ilihesabiwa kuwa ukurasa mpya, hivyo kituo kikakimbilia tena kwenye seva. Chini yake kuna alama ya kupuuza namba ya oda. Nimeiweka. Pembeni pana onyo refu jekundu. Maonyo huandikwa kwa ajili ya akina Profesa.

Nikahitaji oda ya majaribio. Nikajiagizia keki ya pongezi kwa jina langu, maana ushindi ulikuwa umeshafika mlangoni. Maneno: HATIMAYE MWENYE AKILI AMEPATA KITI. Nikafungua ukurasa wake kupitia kila kituo, ili mimi niwe wa kwanza kila mahali. Kisha nikajaribu oda ya mteja mwingine. Ukafunguka kabla sijainua kidole! Sikusoma kilichoandikwa. Nilikuwa naangalia kasi.

Ijumaa, 7 Machi

Mimi ni mkuu wa kitengo.

Simu za matawi zimemiminika tangu asubuhi. Wapambaji wanasema ukurasa unakuja kufumba na kufumbua. Profesa, kwa milango yake na njia zake, alikuwa amepunguza kusubiri kwa nusu. Nusu! Mama mkwe amenitangaza mbele ya wafanyakazi wote na kunipa chumba cha juu, chenye dirisha. Profesa amenipa mkono, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, eti shemeji, umeviambia vituo vitunze nini? Nimemjibu kwamba mwenye wivu ajinyonge.

Mchana mpambaji wa tawi moja alipiga kuuliza mbona oda za leo zote zina maneno yaleyale. Nikamwambia kazi yake ni kupamba, si kufikiri, aandike anachokiona. Nikatuma agizo hilo kwa matawi yote. Uongozi ndio huo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Harusi ya kwanza: bwana harusi alishaachana na mke mmoja, na huyo mke wa zamani alikuwa amealikwa. Keki ikaletwa. Bibi harusi akaisoma kwa sauti akidhani ni sala. Mke wa zamani akainuka na kuomba akatiwe kipande chenye neno AKILI.

Kisha mwalimu mkuu anayestaafu. Keki ilifunguliwa akiwa amekaa bega kwa bega na anayempokea kazi. Walimu walipiga makofi muda mrefu mno.

Kisha bibi mmoja anayetimiza miaka themanini, ambaye sasa anataka kujua wanawe walikuwa wanamwonaje miaka yote hiyo.

Mwenyekiti mpya wa chama cha wapangaji peke yake ndiye aliyefurahi. Ameagiza nyingine. Nilimtaja huyu kwa mama mkwe mara kadhaa. Haikusaidia kitu.

Mama mkwe aliuliza maneno yale ni ya nani. Akafungua oda yenye maneno hayo, akasoma jina langu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Profesa alikuwa ameshazima kitufe na kufuta nakala kwenye vituo vyote. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimevuliwa ukuu. Profesa amekalia chumba changu. Mama mkwe ameigawa orodha ya wateja nusu kwa nusu. Kesho tumpigie kila mmoja, tumsikilize yeye na lake, tumwombe radhi. Akasema, mkwe wangu, nakuheshimu kwa ajili ya mwanangu, lakini mteja mmoja wa upande wako akinirudia na hasira zaidi, tutakuwa tunaonana nyumbani tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeanza na mama wa bibi harusi. Nimeongea vizuri ajabu! Nimemwambia pole mama, binti yako hana kosa, na yule mke wa zamani asikunyime usingizi, walioachika wana maneno. Akatulia kabisa. Akanibariki.

Bahati nzuri simu ilikuwa inarekodi.

Sasa jambo likishasemwa vizuri hivyo, kulisema upya ni ujinga. Nimelituma kwa wateja wangu wote kwa mkupuo mmoja. Mwalimu mkuu ameshalisikiliza. Mke wake naye ameshalisikiliza. Bibi wa miaka themanini amenipigia mara tatu, bila shaka kushukuru, lakini sikupokea, nilikuwa nakunywa chai.

Profesa bado yuko kwa mteja wake wa pili. Anasikiliza. Anaandika. Anasema ndiyo mama, ndiyo mama. Kwa mwendo huo atamaliza mwakani.

Mama mkwe ananiita kutoka chini, kwa majina yangu yote. Nimevaa shati la kikao. Kile chumba cha juu nitakiwekea pazia la bluu.