Mteja Mmoja Anayelipa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Segese. Mzee Mabula, baba wa mchumba wangu Vumilia, ametoa neno: mpaka Jumapili nimwoneshe mteja mmoja anayelipa, la sivyo habari ya posa imekufa. Anasema kuchora kwenye kompyuta ni mchezo wa watoto waliochoka kuchunga. Mimi! Dizaina! Mwaka mzima nipo kwenye mtandao wa kutafutia kazi, sijaitwa hata mara moja. Tatizo si mimi. Tatizo ni profaili.

Jirani yangu Nuruddin, naye dizaina, ana nyota tano. Nimeichungulia profaili yake asubuhi nzima. Kwenye picha kaweka kompyuta mapajani, anauchekea ukuta. Ushamba mtupu! Nimepiga ya kwangu vilevile, ila nimeazima koti.

Jumanne, 10 Juni
Nimejaza uzoefu: miaka kumi na mitano. Umri wangu ni ishirini na sita. Anayetaka kupiga hesabu apige.

Nimemwomba rafiki yangu Boaz, mchimbaji, aniandikie sifa kama mteja. Akaandika kwamba duara langu linatoa kuliko maduara yote ya Segese. Huko Ulaya waliko wateja, nani anajua kuwa duara ni shimo la dhahabu? Na nyota akanipa tatu. Eti tano ni za watu wasio na kiasi.

Jumatano, 11 Juni
Leo sampuli za kazi. Nuruddin ana kadi za harusi kumi na mbili, lakini tanzia hata moja hana. Pengo! Nikatafuta picha ya mtu mwenye heshima. Katika nilizonazo wote wanacheka, isipokuwa Mzee Mabula. Nilimpiga picha siku ya Pasaka, uso una msiba tayari. Nikaweka mishumaa miwili, maua, maandishi ya dhahabu: mazishi nyumbani kwake Kolandoto, Ijumaa saa nane. Neno "mfano" nililiondoa, lilikuwa linaharibu mpangilio.

Nimeiweka kwenye profaili na kwenye status. Kufikia mchana, watu mia mbili wameitazama! Wengine wameweka vikaragosi vya kulia. Mambo yameiva.

Alhamisi, 12 Juni
Vumilia amepiga simu. Analia na kunitukana kwa zamu. Shangazi yake Sesilia aliiona tanzia akiwa Chato. Akampigia mzee, hapatikani. Mzee alikuwa mnadani na ng'ombe tangu juzi, simu haina chaji. Nyumbani nao wakaamini. Sesilia akapanda basi na nusu ya ukoo, turubai likafungwa.

Jana jioni mzee akarudi, akakuta msiba kwake. Akaketi kando ya moto na wanaume wa Chato wasiomfahamu, akatoa rambirambi, ndipo akauliza kwa upole aliyefariki ni nani. Wakamwonesha picha. Halafu wakamtazama vizuri. Wawili hawajaonekana mpaka sasa.

Vumilia anasema mama yake hajala tangu jana. Niliumia, nasema kweli. Kisha nikamuuliza kama watu waliisifia kazi. Akakata simu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda Kolandoto na mbuzi wa kuombea radhi. Nikatoa shikamoo mara tatu, marahaba haikuja. Mbuzi alipokelewa. Mzee akasema wanunuzi wameshaanza kuwauliza wanawe bei ya ng'ombe, na mama mmoja kanisani alipomwona alitokea dirishani. Nikamfariji kwamba kwa upande wa kazi, tanzia imefika wilaya nne. Akainua fimbo. Nimerudi Segese bila koti.

Jumapili, 15 Juni
MTEJA! Mzee Mabula mwenyewe. Anataka tangazo, na lazima litoke mkono uleule ili lipite kwa watu walewale. Liseme yeye yu hai, na kwamba Jilala wa Segese, yaani mimi, si mkwe wake, hajawahi kuwa, wala hatakuwa. Nikamwomba picha yake. Akasema safari hii iwe yangu. Akatuma elfu ishirini papo hapo.

Nimeshinda kwenye kompyuta. Maandishi mekundu, jina langu kubwa katikati, "hatakuwa" nimelipigia mstari. Limependeza kweli! Nimeliweka juu kabisa ya profaili.

Nimemtumia Vumilia pia. Baba yake alitaka mteja mmoja anayelipa kabla Jumapili haijaisha, na mteja huyo hapo. Sasa nasubiri wanipangie tarehe ya kupeleka posa.