Idhini ya Kikohozi cha Dakika ya Nne

Jumatatu, 30 Machi

Siku adhimu! Mkuu wa Chuo ameidhinisha Fomu Namba Saba, niliyoibuni mimi. Kuanzia muhula huu hakuna mhadhiri atakayeweka kanda, picha wala ukurasa wa kitabu cha mtu mwingine kwenye mtandao wa darasa bila kuonyesha leseni au idhini ya mwenye mali. Mwisho wa kuwasilisha: Ijumaa, 10 Aprili, saa sita mchana. Somo lisilo na fomu litafutwa.

Fomu ikiwapo, itahitaji dawati. Dawati litahitaji mkuu. Nishiwaki Kanjiro, Mkuu wa Dawati la Hakimiliki. Nimeyaandika maneno hayo mara kumi na mbili ili nione yanavyokaa. Yanakaa vema.

Bi Tsukuda wa maktaba amesema, mbele ya watu, kwamba fomu yangu ina kurasa nyingi kuliko masomo mengine. Wivu. Yeye huanza barua zake kwa neno “Habari”, kisha anaingia moja kwa moja kwenye shida yake, kama mtu aliyevamia nyumba na viatu.

Jumanne, 31 Machi

Mwombaji wa kwanza: Mwalimu Orihara, anayefundisha Nyimbo za Kazi. Hana ajira ya kudumu. Mkataba wake ni somo hilo moja tu. Likifutwa, naye amekwenda. Ataka wanafunzi wasikilize nyumbani kanda ya wanawake wa kijiji cha watengeneza karatasi, wakiponda magome ya mforosadi huku wakiimba. Kanda ilirekodiwa miaka arobaini na miwili iliyopita na mwalimu wa shule, ambaye sasa ni marehemu na aliachia chuo kanda zake zote. Mwimbaji yu hai: Bibi Umemoto Shizue, miaka themanini na tisa.

Mwalimu Orihara akauliza kama haiwezekani kumpigia simu tu. Simu! Nilimjibu kwamba simu haina mahali pa kugonga muhuri.

Nimeisikiliza kanda mara tano. Udadisi umenishika shingoni. Wimbo ule ni wa nani hasa? Wa Bibi, wa kijiji, au wa mama aliyemfundisha? Na mdundo wa nyundo, je, ni muziki au ni kazi? Dakika ya nne mtu anakohoa. Mwanamume. Kikohozi hicho ni mali ya nani? Dakika ya saba, mbwa. Vitabu vyangu vya sheria vimenyamaza kabisa kuhusu mbwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Barua imekamilika. Kurasa tisa. Utangulizi nimeutoa katika jalada langu la Salamu za Msimu, ambamo nahifadhi kila barua iliyofunguliwa kwa ustadi: “Katika siku hizi ambapo ukungu wa masika unajikunjua juu ya vilima kama hariri inayoanikwa…” Ufunguzi huo ulitufikia mwaka jana katika barua ya chama fulani. Sikumbuki kilitaka nini. Baada ya hapo: “YAH: OMBI LA IDHINI. Husika na somo tajwa hapo juu.” Kifungu cha 3(a), wimbo. Cha 3(b), kikohozi. Cha 3(c), mbwa. Mihuri mikubwa myekundu minane, kila mmoja umegongwa kwenye maungio ya kurasa mbili, asije mtu akachomoa mmoja. Imetumwa kwa posta ya rejesta.

Leo pia nimeweka kwenye tovuti ya chuo, dunia nzima isome, kijitabu changu: *Barua Adilifu: Mwongozo wa Nishiwaki.* Ni jasho la miaka thelathini na minane, tangu nilipokuwa nikipakia makreti ya kaa bandarini nikajinunulia stesheni kitabu cha barua za mfano. Kitabu hicho ndicho chuo kikuu changu. Nimekinakili kwa mkono mara nyingi hata sijui tena kinaishia wapi na mimi naanzia wapi.

Jumatatu, 6 Aprili

Jibu! Limeandikwa na mkwe wa Bibi, nalo limekuja pamoja na chupa ya plamu za chumvi.

Aarifu kwamba barua yangu ilisomwa na watu watatu: yeye mwenyewe, mtu wa posta, na mtawa wa hekalu. Mtawa alifika ukurasa wa nne akaomba chai. Hawakuelewa neno, ila kwa ajili ya mihuri walikubaliana kwamba imetoka mahakamani, na kwamba Bibi amekatazwa kuimba hadi apate leseni. Bibi ametii. Tangu Ijumaa hajaimba shambani, jikoni wala bafuni, na chakula anakigusagusa tu. Mkwe aomba kujua kosa lake ni lipi. Plamu ni za kumlainisha hakimu.

Nimesikitika. Nimesikitika kweli. Hata hivyo: mahakamani! Sijapata kusifiwa namna hii tangu nizaliwe.

Mwalimu Orihara amesema ni lazima twende kijijini wenyewe. Alipolisema hilo hakuniita Bwana. Bi Tsukuda alikula plamu mbili bila kuomba.

Jumatano, 8 Aprili

Treni mbili, basi moja. Suti ya sherehe. Boksi la keki za maharage, limefungwa kwa kitambaa, la kuombea radhi.

Bibi Umemoto tulimkuta ameketi wima sebuleni, amevaa kimono nyeusi ya mazishi, kifurushi cha nguo kando yake. Kabla sijamaliza kuinama akaniuliza, “Mwanangu, ni miaka mingapi?”

Nilimweleza kwa utulivu kwamba hapakuwa na hukumu, bali ombi lenye heshima na taadhima. Akamtazama mkwe wake. Akanitazama mimi. “Hili ndilo ombi? Sasa wewe ukitaka kumtukana mtu, huandika kurasa ngapi?” Mkwe akakimbilia jikoni, na huko nikamsikia akicheka hadi sufuria likaanguka. Bibi akauinua ukurasa wa kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akauchunguza, akasema kwamba hii ni karatasi ya kiwanda na kwamba nione haya.

Nikasoma Kifungu cha 3(b). Mwalimu Orihara akafungua kompyuta na kucheza dakika ya nne.

Bibi akainama mbele. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. “Huyo Tatsuo,” akasema. Mumewe. Amekufa yapata miaka ishirini na sita. “Nilimwambia asivute sigara karibu na magome. Hasikii! Haya, umesikia? Ameniharibia wimbo.” Alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa mkono wa kimono, kisha akacheka tena. Akataka kikohozi tu, wimbo uachwe. Tulikicheza mara saba. Mwalimu Orihara alikuwa ameugeukia ukuta, akiukagua kwa muda mrefu.

Niliona wakati umefaa kueleza kwamba haki juu ya kikohozi huenda zimewaangukia warithi, nikauliza marehemu aliacha watoto wangapi. Mwalimu Orihara alinikanyaga mguu. Bila shaka kwa bahati mbaya.

Bibi akasema tuchukue vyote. Wimbo tuchukue, kikohozi tuchukue, apewe kila mwanafunzi asikie jinsi mtu mkaidi anavyokohoa. Mbwa si wao, tuulize nyumba ya tatu. Ila hatagonga muhuri wa jina lake kwenye idhini mpaka nami nimwandikie karatasi ya kumruhusu kuimba, maana kijiji kizima kinajua amekatazwa, naye hataki kunong’onezwa.

Nikaandika palepale. Leseni Namba Moja: mwenye leseni hii anaruhusiwa kuimba popote, wakati wowote, bafu likiwemo, bila kikomo. Muhuri. Tulipofika kituo cha basi tulimsikia akiitumia.

Ijumaa, 10 Aprili

Saa tano na dakika arobaini nimewasilisha Fomu Namba Saba ya Mwalimu Orihara, kamili, na viambatisho kumi na vinne. Ushindi!

Saa nane nimeitwa kwa Mkuu. Bi Tsukuda alikuwapo, amekunja mikono. Ameripoti kwamba idhini haikuhitajika hata kidogo. Chuo hulipa ada kila mwaka kwa chama kinachowakusanyia wenye haki malipo yao. Kwa ada hiyo wahadhiri huweza kuwawekea wanafunzi wa darasa lao kile ambacho somo linakihitaji, mradi kibaki ndani ya darasa. Barua ya kueleza hayo ilifika Aprili iliyopita, ikapokelewa na mimi.

Mkuu akauliza iko wapi. Ikatafutwa. Ikapatikana katika jalada la Salamu za Msimu, ya tatu kutoka juu. Ukungu wa masika. Hariri inayoanikwa.

Nilikiri kwamba niliusoma ufunguzi kisha nikasimama, kwa kuwa kiwiliwili cha barua ni nadra kuwa na sanaa. Fomu Namba Saba imefutwa. Bi Tsukuda amesema somo la Mwalimu Orihara halikuwa na adui duniani isipokuwa mimi. Maneno makali, na hayakutanguliwa na salamu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nyimbo za Kazi imeanza. Nilikaa nyuma. Wanafunzi ishirini na watatu. Mwalimu Orihara alianza na kikohozi, akawaeleza ni cha nani, ndipo akacheza wimbo. Hakuna aliyegusa simu.

Bibi ameniletea kwa posta karatasi kumi alizozitengeneza kwa mkono wake, na ujumbe wa maneno mawili: “Andika fupi.”

Alhamisi, 16 Aprili

Dawati la Hakimiliki limeundwa. Mkuu wake ni Bi Tsukuda.

Faili lake la kwanza ni langu. Mchapishaji wa kile kitabu cha barua za mfano ametuandikia. Adai kwamba kurasa kumi na moja za *Barua Adilifu* ni zake neno kwa neno, na kwamba tovuti iliyo wazi kwa dunia nzima si darasa. Bi Tsukuda akanieleza, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji, kwamba ada ya mwaka haifiki huko. Mkuu ameamuru kijitabu kiondolewe kabla ya saa sita na niandike barua ya kuomba radhi.

Barua ya mchapishaji nimeisoma mara nne. Ni nzuri ajabu! “Ilhali petali za mwisho za cheri zikiuaga mto, nasi kwa masikitiko yasiyo na kinyongo tunalazimika kuleta mbele yenu…” Sijawahi kulaumiwa kwa ufasaha kama huu. Nimeitia kwenye jalada.

Nimewajibu mara moja, kwenye karatasi za Bibi, zote kumi. “YAH: OMBI LA IDHINI YA KUTUMIA BARUA YENU YA MALALAMIKO KATIKA TOLEO LA PILI.” Mihuri tisa. Kijitabu nimekiondoa tovutini saa tano na nusu, kama nilivyoamriwa.

Toleo la pili nimeliweka saa tano na dakika hamsini. Barua yao iko ukurasa wa kwanza. Watu wanaoandika vizuri hivyo hawawezi kukataa.