Chupa Sita za Khaemba

Khaemba alipoiona ile pikipiki nyekundu nje ya lango la Afande Oyet kule Kisugu, moyo wake ulijaa unyenyekevu ambao watu wengine huupata kanisani. Ilikuwa mpya, haijapata hata mkwaruzo, na mwenyewe, askari polisi mstaafu, alishinda barazani akiipangusa kwa fulana kuukuu. Kwa macho ya Khaemba ile haikuwa mali ya Oyet. Ilikuwa mali yake iliyochelewa njiani.

Mkenya huyu wa Bungoma alikuwa na miaka minane Kampala, na akiulizwa kazi yake alijibu "biashara". Tusimwonee, alikuwa mchapakazi. Safari hii alikuwa na maboksi sita ya divai. Boksi moja lilikuwa na chupa sita za divai ya kweli, iliyokula akiba yake yote. Yale matano mengine aliyajaza mwenyewe chumbani kwake: rangi ya juisi, sukari, pombe kali ya waragi kidogo, na maji ya mtaro unaopita nyuma ya nyumba.

Binti ya Oyet, Lakica, alikuwa anaolewa Desemba. Khaemba akamweleza mzee kwamba siku hizi harusi isiyo na divai ni matanga yenye keki. Kwa kuwa ni rafiki, angempa maboksi yote sita kwa ile pikipiki. Oyet akasema yeye divai haijui. Khaemba akamwambia asijali, Ijumaa atamfundisha.

Ijumaa jioni wakakutana Ntinda, kwenye kibanda cha nyama ya nguruwe ambako mwenyewe hajali umekuja na kinywaji gani mradi ununue nyama. Maboksi yalikuwa uani, ndani ya gari la kukodi. Oyet alikuja na kadi ya pikipiki mfukoni na wastaafu wenzake wawili, Kidega na Faustino, ambao hakuna aliyewaalika. Alisema ni mashahidi.

Somo likaanza kwa chupa ya kwanza. Khaemba akawaonyesha namna ya kushika glasi kwa ule mguu wake mwembamba, kuizungusha taratibu, kuingiza pua. Oyet aliingiza pua mpaka ikalowa. Aliuliza kama hii kitu imechacha, na kama inatiwa sukari. Kidega akaomba mrija. Khaemba aliwahurumia kwa dhati, huruma ile ya mchinjaji anayependa mbuzi wake.

Alipotoa kalamu ili kadi isainiwe, Oyet akaifunika kalamu kwa kiganja.

"Ndugu yangu, kwetu mtu ya kuleta pombe anaonja kwanza. Kila chungu. Wewe iko na boksi sita. Hii tumeona. Sasa leta chupa moja kwa kila boksi, onja, mimi naona. Halafu naweka sahihi."

Khaemba akajitetea kwamba chupa zimefungwa kiwandani.

"Kama wewe unaogopa pombe yako," Oyet alisema, "mimi naogopa zaidi."

Mashahidi waliacha kutafuna. Hapo Khaemba alibanwa, kwa sababu hata kwao Bungoma hakuna anayempa mgeni pombe ya busaa kabla hajaonja mwenyewe. Kukataa ni kukiri umeleta sumu, na kwa haki kabisa, alikuwa ameileta.

Basi akaenda garini peke yake, akikataa kusaidiwa, akachomoa chupa ya pili kutoka boksi lile lile la kweli. "Boksi la pili," akatangaza, akaonja. Alitaka kuifunga tena, lakini Faustino akamkumbusha kwamba kinywaji kikishaonjwa mbele ya watu hakirudishwi, huo ni uchoyo. Kikanywewa. Likaja boksi la tatu, la nne, la tano, la sita, yote kutoka boksi moja, na sahani ya nyama baada ya sahani ya nyama. Kila chupa ilimuuma Khaemba, lakini alijiambia pikipiki italipa.

Chupa ya sita ilipoisha, Oyet alijifuta mdomo, akagusa kadi ya pikipiki, akaiacha pale pale mfukoni.

"Asante sana. Pikipiki siuzi."

"Afande, tulikubaliana."

"Tulikubaliana uonje boksi sita. Umeonja boksi moja mara sita, nimekuona ukichomoa zote boksi la juu." Akaichukua glasi kwa mguu wake, akaizungusha, sasa bila kumwaga hata tone. "Mimi nililinda nyumba ya balozi miaka kumi na moja. Karamu ikiisha, chupa zinabaki kwa walinzi. Hii yako ni nzuri. Ile ya nne tu kizibo chake kilikuwa kibovu."

Khaemba alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Miaka minane mjini, na alikuwa amemfundisha samaki kuogelea.

"Kama nakosea," Oyet aliendelea kwa upole, "leta chupa ya boksi la chini. Onja. Nasaini sasa hivi."

Khaemba aliiwaza ile pikipiki nyekundu, akaenda garini, akaileta ile chupa. Alipoifungua, harufu ya mtaro ikatoka, na meza ya jirani ilisogea. Akajimiminia kidogo, akashika glasi kwa mguu, akaizungusha, akaingiza pua. Glasi ikagoma kufika mdomoni. Wazee watatu walimngoja kwa heshima zote.

Kidega akamsogezea mrija.

Khaemba akaweka glasi chini, akaita mwenye kibanda, akalipa nyama yote.