Malaika wa Chumba cha Majoho

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mchungaji ameanza mafundisho ya malaika. Yatachukua mwezi mzima. Kwa kawaida mahubiri nayasikia nusu nusu, maana mimi ndiye fundi wa vipaza sauti wa kanisa, na kazi yangu ni kusikiliza sauti, si maneno. Leo nimesikiliza yote. Amesema malaika ni mjumbe tu. Hufika, husema usiogope, hutoa ujumbe wa Mungu kwa maneno machache, huondoka. Na aliyeambiwa hutii. Zakaria alibisha, akawa bubu. Mariamu alikubali.

Nikamtazama mshonaji wa majoho ya kwaya, safu ya pili, kitambaa cha kijani kichwani. Mjane. Mwaka jana alinishonea kifungo cha shati nikiwa nimelivaa, akakata uzi kwa meno, hapa hapa kifuani. Tangu siku hiyo mimi si mtu tena. Nampenda. Haya, nimeandika. Kumwambia siwezi, nikimkaribia ulimi unaganda, naishia kumuuliza habari za pasi. Lakini malaika angemaliza kazi kwa pumzi moja. Ebo! Kwa nini sikufikiria hili mapema?

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Mpango ni huu. Katika chumba cha majoho kuna spika ndogo juu ya kabati, nyuma ya maboksi. Niliifunga mwenyewe ili wanakwaya wasikie ibada imefika wapi. Kila Jumamosi mchana mshonaji huwa mle peke yake, anapiga pasi. Mimi niko juu, kwenye roshani ya mitambo. Nafungua spika hiyo moja tu. Nasema. Nazima.

Si uongo. Malaika ni mjumbe, na mimi ujumbe ninao. Swali la nani kanituma ni la utaratibu tu.

Tena kuna haraka. Yule seremala wanayemwita Randa ameanza kushinda kanisani akitengeneza mabenchi ambayo hayajavunjika. Viganja kama sinia, maneno hana. Hunisalimia kwa heshima kila anaponiona. Simpendi.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Nimefanya mazoezi ya sauti chumbani. Mama amegonga ukuta akauliza kama kile kikohozi kimerudi. Nikamwambia nasali. Akasema nisali kwa sauti yangu niliyozaliwa nayo, hiyo nyingine Mungu hataijua ni ya nani.

Maneno yamenitoa jasho. Kwanza niliweka "mpokee fundi wa vipaza sauti." Nikafuta. Malaika anayempigia debe fundi wa vipaza sauti kupitia kipaza sauti? Hata mtoto angeshtuka. Kwa hiyo sijitaji popote. Nimejipongeza kwa busara hii.

Jioni nilimwendea mchungaji, kijanja, nikamuuliza malaika huongea kwa urefu gani. Alifurahi sana kuona nina kiu ya neno. Akanikalisha, akanieleza kwamba malaika haleti habari zake mwenyewe, huleta za aliyemtuma, na kwamba hapo ndipo wajumbe wengi wa uongo hunaswa. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya watu hao.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Siku yenyewe. Nilipanda roshani bila viatu. Kutoka juu chumba cha majoho hakionekani, ila mlango nausikia. Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Kabati likalia. Nikapiga moyo konde, nikafungua spika.

"Usiogope," nikasema, kwa sauti nzito kuliko zote nilizo nazo. "Umpendaye naye anakupenda. Yuko karibu nawe. Usichelewe."

Nikazima. Kisha kitu kizito kikaanguka, halafu miguu ikakimbia. Amesadiki! Nikauma mkono wa shati ili nisipige kelele. Nikashuka taratibu, nikaegemea nguzo na waya mkononi, ili anikute pale kwa bahati.

Aliyetoka mbio alikuwa Randa. Kumbe bawaba ya kabati ilikuwa imelegea, na mshonaji alimwita aitengeneze, yeye akatoka kuchota maji ya kunyunyizia majoho. Randa alinipita bila kuniona, midomo ikimtetemeka, akaenda moja kwa moja hadi bombani. Nilichungulia dirishani. Mtu asiye na maneno aliongea kama amefunguliwa koki. Mshonaji aliacha ndoo ikafurika, maji yakamlowesha viatu, naye hana habari.

Jumapili, tarehe 21 Septemba

Wamechumbiana. Mchungaji ametangaza kwa kipaza sauti changu. Vigelegele. Nilifikiria kuzima mitambo. Sikuzima, maana sauti ilikuwa safi mno leo, na kazi ni kazi.

Randa akatoa ushuhuda kwamba amesemeshwa na malaika mbele ya kabati. Mchungaji akalia. Mama akalia. Mimi nikalia kuliko wote, na watu wakasema nimeguswa. Nimerudi nyumbani sikutaka chakula. Inauma. Inauma kweli.

Jumanne, tarehe 23 Septemba

Mshonaji alipanda roshani. Hajawahi kupanda. Nilikuwa nakunja waya. Nikaufungua nikaukunja tena. Akarudisha mlango. Akasema ile spika anaijua, huwa inakwaruza kabla ya mtu kusema, na malaika wa Randa, kwa jinsi alivyosimuliwa, naye alianza kwa kukwaruza.

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kaka," akasema, "huyu mtu nimemngoja mwaka mzima afungue mdomo. Sikumwambia mtu. Wewe umeona mwenyewe, ukanisaidia. Mungu akubariki."

Nafasi ndiyo hiyo. Wawili tu, mlango umefungwa. Nikafungua kinywa nimwambie ujumbe ule ulikuwa wa nani. Lakini alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sijaliona kwake tangu amzike mumewe. Nikasema si kitu, dada. Akaniomba nisimwambie Randa. Kwake ni malaika, na abaki malaika. Kisha akauliza kama nitawawekea mitambo siku ya harusi. Nikasema nitaweka, tena bure. Bure! Mdomo huu utaniua.

Jumapili, tarehe 28 Septemba

Asubuhi nilimwahidi Mungu kwamba nimeacha. Hakuna tena sauti, hakuna roshani, hakuna ujanja. Niliahidi kwa dhati. Hata machozi yalinilenga.

Kisha nikaenda ibadani. Mchungaji amefikia malaika wa ndotoni. Kasema Yusufu alijiwa na malaika usingizini akaambiwa aondoke aende nchi ya mbali, akaamka usiku ule ule akaenda, bila swali hata moja. Na huyo Yusufu alikuwa seremala.

Seremala! Nimekaa mbele ya mitambo nikasahau kupandisha sauti ya kwaya.

Harusi ni Desemba. Randa hulala kila mchana nyuma ya karakana yake, chali, dirisha wazi. Nimeshapita mara mbili kuhakikisha. Nina spika ndogo ya betri, nimeifungua, nimeisafisha, haikwaruzi kabisa. Kilichobaki ni kumchagulia nchi.