Seli Zangu Zilizogoma Kutoa Maziwa

Jumatatu, 4 Machi

Mkutano wa asubuhi. Gudrun, mkuu wa maabara yetu hapa Viborg, ametangaza kuwa Ijumaa ya wiki ijayo wafugaji watakuja kuona tulichofanya na seli za kiwele. Mimi na Vibeke tunakuza seli za ng'ombe yuleyule, kila mtu kwa njia yake. Ambaye seli zake zitatoa maziwa ndiye ataongoza mradi mkubwa, wa kufufua viwele vilivyoharibiwa na ugonjwa. Mkataba wangu unaisha kiangazi. Kwa hiyo ni lazima niwe mimi.

Kazi yenyewe si ngumu. Seli ya kiwele haizaliani hovyo, hungoja kuambiwa. Anayeiambia ni kichocheo cha ukuaji, kiprotini kidogo kinachobisha mlangoni kwake na kusema: haya, gawanyika. Vibeke anakitia kwa woga, kama anayetia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Nimetia mara tatu yake. Mtoto hanenepi kwa kunusa chungu.

Jumatano, 6 Machi

Seli zangu zimenona. Zimejikusanya kwenye ute wao kama vinyama vya mviringo anavyokaanga mama Jumapili. Nikamwita Vibeke aje aone, kwa wema tu.

Akainama kwenye hadubini, akakawia. "Zimeshiba kweli, Asger," akasema. "Ila mbona zimejaa mpaka katikati? Maziwa yatakaa wapi?"

Wivu huo. Nikaenda kuchungulia za kwake alipokwenda kunywa kahawa. Vidogo, vimejipanga mduara, na katikati pana uwazi safi, kama chumba kinachongoja mgeni. Sikupenda nilichokiona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa. Kichupa cha kichocheo ni kimoja tu, tunachangia. Leo nimejihudumia kwanza, kisha nikakitoa kwenye jokofu la maabara na kukificha kwenye friji ya jikoni, nyuma ya mtungi wa samaki wa siki. Hakuna anayewala samaki wale. Seli za Vibeke zikikosa kichocheo zitadumaa. Si wizi. Ni kuhamisha.

Ijumaa, 8 Machi

Vibeke amekuja mezani kwangu na kipande cha keki. Nikajiandaa kukana. Hakuuliza lolote. Alisema anataka nijue kwamba tangu jana ameacha kutia kichocheo, na seli zake zinaendelea vizuri ajabu. Ati seli haiwezi kuzaana na kunyonyesha kwa wakati mmoja. Wito wa kukua ukinyamaza, ndipo inapousikia wito wa homoni ya maziwa.

"Nimeziachisha ziwa," akasema, "ili zitoe maziwa." Akacheka peke yake hadi mlangoni.

Yaani nilichomnyima ndicho alichokuwa hakitaki. Keki ilikuwa nzuri, hilo nakiri.

Zamu ya kusafisha friji ya jikoni ilikuwa yangu. Nilikuwa na hasira, nikasafisha kwa hasira. Kila kilichokuwemo nikakisukumia kwenye mfuko wa taka, nikautoa nje kwenye mvua, nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekumbuka nikiwa naoga.

Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Jumatatu, 11 Machi

Kichupa kipya hakitafika kabla ya wafugaji. Siwezi kumwomba Vibeke ushauri, maana swali lake la kwanza litakuwa kile cha zamani kilikwenda wapi. Seli zangu hazijapata kitu tangu Alhamisi. Nimeziangalia: zile za katikati zinakufa. Vinyama vyangu vinatoboka.

Nimekaa kwenye kiti nikifikiria nitafanya kazi gani nyingine. Kaka yangu anauza madirisha. Labda madirisha.

Vibeke akapita, akaniona uso. Baadaye nikakuta mezani kwangu chupa ya mchanganyiko wake wa homoni ya maziwa, umeandaliwa leo hii, bado wa uvuguvugu. Nikautia wote. Aliye shimoni haulizi kamba ni ya nani.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimeinamia hadubini kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Katikati ya duara moja kulikuwa na uwazi. Ndani ya uwazi, vitone vinang'aa. Nikafuta kioo nikidhani ni uchafu. Vikabaki palepale. Sahani ya pili ya seli, vivyo hivyo.

Nikamwita Vibeke kwa sauti niliyoiona ngeni. Akatazama, akanishika bega. "Ni maziwa, Asger," akasema. "Hongera, mwenzangu." Alifurahi kweli. Hilo lilinisumbua mchana kutwa.

Ijumaa, 15 Machi

Wafugaji wamekuja na viatu vyenye tope. Mmoja, Ellinor, mama mwenye mikono mipana, aliuliza kama vitone vile vimetoka kwenye kiwele kizima au kibovu. Vibeke akamwambia seli zilitolewa kwenye kiwele cha ng'ombe aliyeugua, upande uliokuwa umekauka. Ellinor akarudi kwenye hadubini, akakaa sana. Alisema msimu uliopita aliwapeleka machinjioni ng'ombe waliokuwa wakija wakisikia sauti yake, kwa sababu viwele vyao vilikufa.

"Basi kumbe vinaweza kuanza upya," akasema.

Gudrun akaniuliza nilipataje wazo la kuondoa kichocheo. Nikasema ni mpango niliouandaa kwa makini.

"Kwa makini sana," Vibeke akadakia. "Mpaka nyuma ya mtungi wa samaki."

Alikuwa amekiona kichupa siku ileile nilipokificha. Alikiacha kwa kuwa hakukihitaji, na kwa kuwa alitaka kuona nitafika wapi. Gudrun alitutazama kwa zamu, akaamua asielewe. Vibeke ataongoza mradi. Mimi nitakuwa msaidizi wake, na mkataba wangu umeongezwa mwaka mzima.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeyatafakari yote kwa utulivu, bila kujipendelea. Ukweli ni mmoja: seli zangu zilitoa maziwa kwa sababu nilizinenepesha mwanzoni. Mambo ya kuachisha ni bahati tu iliyojipenyeza. Hebu fikiria zingetoa kiasi gani kama kichocheo kisingekatika.

Kichupa kipya kimefika, na Vibeke yuko likizo hadi Jumatano. Leo nimeanza kutia mara sita.