Kopo la Maua ya Njano

Alhamisi, 9 Oktoba

Bwana Haddrick, mkuu wetu hapa halmashauri, ametangaza kwamba Jumanne tingatinga litasafisha ukingo wa mto ili tupate gati la maboti. Nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba pale kuna kichaka changu, chenye maua kama ya mbaazi. Hakuna kingine mto mzima! Akauliza kama kinalipa kodi. Lakini amekubali: mtaalamu wa mimea akithibitisha kwamba ni adimu, gati litahamishwa. Nimempigia Dokta Pell. Atakuja Jumatatu!

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa. Kesho Bi Merle na wazee wenzake wanakuja kung'oa magugu ya miiba. Nayo yana maua ya njano, kama kichaka changu! Wazee wale, majembe makali, miwani mizito. Kuwaonya? Bi Merle hana siri. Mji mzima utakuja kuchuma. Nina mpango bora zaidi. Nimechuma mwenyewe maua yote niliyoyaona, nikayatia kwenye kopo langu la chakula. Sasa ni kichaka cha kawaida tu. Nimekiomba radhi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bi Merle amepiga yowe. Nani kamnyonyoa mpenzi wetu? Kumbe wanakijua! Kila kiangazi hukinywesha maji kwa ndoo. Akaapa kwamba akimpata mwizi atamlisha magugu, na miiba yake. Nilimuunga mkono kwa ukali, kopo nimelificha mgongoni. Akanipa keki, akaniita mwanangu mwenye huruma.

Jumatatu, 13 Oktoba

Alfajiri nimeyafunga maua matawini kwa uzi. Yamesinyaa kidogo. Dokta Pell akainama na kioo chake. Akauliza taratibu, maua ya huku huota na mafundo? Bi Merle, aliyekuja kushuhudia, akautazama ule uzi wa buluu. Kisha mkono wa sweta langu, uliofumuka. Ewe Corin, mtoto wewe! Akacheka mpaka akashikilia mti.

Upande wa majini, ambako sikuthubutu kupeleka mkono kwa kuogopa nyoka, tawi zima limechanua. Dokta amethibitisha. Woga wangu umekiokoa! Bi Merle amechukua sweta akalifume upya.

Jumanne, 14 Oktoba

Haddrick amesaini, akiguna. Tingatinga limegeuzwa. Dokta ameagiza maganda ya mbegu yaachwe yakomae na kupasuka yenyewe. Mkono wa mtu usiguse. Naam, kabisa. Ila jioni nimeona kasuku wawili juu ya mkaratusi, wanakikodolea macho kichaka kwa uchu.

Maganda yakichomoza tu, nitayahifadhi mapema. Kopo nimeshaliosha.